Bi Hamira Nje ya Kioo

Saa tisa alasiri, donge la unga linapinduliwa mezani, na Bi Hamira anagonga kioo cha dirisha kwa pete yake.

“Umelichosha! Liache lipumzike!”

Ndani, mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, anainua mikono kama mtu aliyekamatwa. “Haya bosi, nimeacha.”

Tangu mwaka jana Bi Hamira, mwokaji aliyeulisha mtaa mzima mikate, haruhusiwi kuingia chumba cha kukandia. Akivuta vumbi la unga, kifua kinambana. Mara ya mwisho mumewe alimkimbiza hospitali akiwa amembeba mgongoni.

“Nilijua ndiyo basi tena,” anasema mume.

Mkosaji, waliambiwa na daktari, ni kingamwili zake mwenyewe, walinzi wa damu, ambazo zimeushuku unga bure. Hujipachika hata kwenye misuli inayozunguka mirija ya hewa. Unga ukiingia, misuli inajikaza na mirija inavimba kwa ndani.

“Nikamwambia daktari, mimi na unga tumekula ujana pamoja. Leo damu yangu iuite mwizi?”

Daktari hakubishana. Alikuwa amechukua kinyama kidogo kutoka njia yake ya hewa na kuziotesha seli za misuli yake maabara, kwenye sahani mbili. Akamkalisha mbele ya darubini.

Akifika hapa, Bi Hamira hushusha sauti. Aliziona: nyembamba, ndefu, hai, zake. Kwenye sahani ya kwanza daktari akazidondoshea maji ya damu yake, yenye zile kingamwili, pamoja na chembe za unga. Zikajikunyata.

“Nilizipa pole,” anasema, machozi yakimlengalenga. “Kweli tena! Nilizipa pole seli.”

Sahani ya pili ilitiwa dawa kwanza, nayo pia ni kingamwili, iliyotengenezwa izidake zile zilizokosea kabla hazijafika kwenye misuli. Kisha maji ya damu na unga vikadondoshwa. Seli zikatulia, zimejinyoosha.

“Nilipigwa na butwaa. Kitu nisichokiona kinakidaka kingine nisichokiona, halafu mimi napumua!”

Sasa huchomwa sindano ya dawa hiyo kila mwezi, na juzi alipanda ngazi za hospitali huku akipiga soga. Wiki ijayo atajaribiwa ndani ya chumba cha kukandia, na barakoa usoni, daktari akiwa mlangoni. Kifua kikibana tena, ataagana na kukanda moja kwa moja.

Aproni yake bado imetundikwa nyuma ya mlango. Mume hajaigusa.

“Nikiweza, sitaki makofi,” anasema, kiganja kikiwa juu ya kioo. “Nataka huyu dereva atoke, aje asimame hapa, na yeye agonge.”