Hesabu ya Mikono

Mashine ya kukanda unga haiwashwi mpaka fundi wake ahesabu mikono. Ni mtu wa maneno machache, mwenye sauti nzito kama aliyeamshwa sasa hivi, na usafi ukianza huchomoa fyuzi, akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Msimamizi akilalamika kwamba mikate inachelewa, yeye humjibu, "Ichelewe tu, bosi," huku akijifuta unga kidole kimoja kimoja. Usafi ukiisha, wenzake watano husimama mbele yake na kuinua mikono juu.

Leo binti mgeni kazini alicheka. "Jamani, kwani tumekamatwa?"

Fundi alihesabu taratibu, akaishia tisa, akarudisha fyuzi.

"Lakini fundi, watu watano si mikono kumi?"

Mpakia mikate, aliyesimama kando ya binti na mkono wake mmoja juu, alitabasamu. "Hapa ni tisa, mdogo wangu. Siku ile nilikuwa bado nasugua ndani. Kaka fundi huyu alidhani nimeshatoka."

Fundi akawasha mashine kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, anaoutumia kula na kuandika, haujagusa swichi ile tangu siku hiyo.