Ndege wa Kushoto

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa mayai. Tuliketi juu ya jiwe ndani ya msitu wa hifadhi, juu ya mji wa Morogoro, mke wangu akamenya mayai mawili ya kuchemsha, akanipa lile lililomenyeka vizuri, yeye akala lililobanduka vipande. Ulikuwa mwezi wa tano, masika yamekwisha, baridi imeanza, na tangu asubuhi tulikuwa tumewaona ndege wa aina kumi na nne kwa macho yetu wenyewe. Nilifuta darubini. Tukainuka kuendelea kupanda.

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza bila kurudi kwanza kwenye siku nyingine katika milima hiyohiyo, nilipokuwa mtoto wa miaka minane.

Siku hiyo tulikuwa tunashuka kwenda sokoni, Bibi mzaa mama, mama na mimi. Wao walibeba kabichi na karoti kichwani; mimi nilibeba mfuko wa njegere na ahadi ya kununuliwa kandambili. Mama alikuwa mjamzito. Kabla hatujafika mtoni, Bibi akasimama ghafla, akatua tenga lake.

"Ndege amelia kushoto," akasema. "Tunarudi."

Kwetu ilikuwa hivyo. Msafiri akimsikia kulukulu upande wa kushoto, aligeuza, hata kama alikuwa anakwenda harusini. Kulukulu ni ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu, na sauti yake nzito hujaza bonde zima. Mimi sikusikia kitu. Nilililia kandambili zangu njia nzima. Tukakutana na wanaume wawili wakishuka na magunia.

"Mama, mbona mnarudi na mboga?" mmoja akamuuliza Bibi. "Sokoni kuna simba?"

"Ndege."

"Kushoto?"

"Kushoto."

Akaacha kucheka. "Haya, mama. Nendeni taratibu."

Hakuuliza zaidi, wala hakuna aliyeuliza. Mchana ule mama alijifungua kabla ya wakati wake, kitandani kwake, wanawake wamemzunguka na maji ya moto yako tayari. Mtoto hakuishi. Mama aliishi. Kijiji kizima kilisema ndege anajua.

Nilisoma, nikafika chuo kikuu, nikasomea wanyamapori. Likizo moja nilimkuta Bibi anachambua maharage, nikamuuliza kwa ujeuri wa mtu aliyejifunza jambo jana.

"Bibi, sema kweli. Yule ndege alilia?"

"Si ulikuwepo? Wewe ulimsikia?"

"Hapana."

"Hata mimi. Nilimsikia mama yako anavyohema."

"Sasa si ungesema tu kachoka?"

"Mama yako? Angekataa, angekwenda mpaka aanguke." Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Ndege akilia, mtu anarudi. Haoni aibu, haulizwi."

Niliondoka pale nikijiona mshindi. Nikawa mhadhiri, na kwa miaka thelathini nilikisimulia kisa hicho darasani kama mfano wa imani isiyo na ushahidi: hata ndege mwenyewe hakuwepo! Wanafunzi walicheka. Maneno ya mwisho ya Bibi sikuwasimulia kamwe, kwa sababu sikuona yana kazi gani. Mke wangu alikisikia kisa chote, nyumbani, mara nyingi. Yeye hakuwahi kucheka.

Baada ya mayai tulipanda kama robo saa. Kulukulu akalia, safari hii kweli, na kweli kushoto. Mke wangu akasimama, mkono kwenye shina la mti.

"Baba Jeni, kushoto huyo."

"Namsikia."

"Basi turudi."

Nilicheka. "Mama Jeni, huyo analia kutwa. Tutarudi mara ngapi?" Nikamtajia jina la Kilatini la yule ndege, na matunda anayokula.

"Wewe na majina yako," akasema. Akatabasamu, akanifuata.

Alikuwa anahema. Masikio yangu yamefunzwa kutofautisha ndege wawili wa jamii moja ndani ya ukungu. Siwezi kudai sikusikia. Hatua mia mbili mbele aliketi njiani, kisha akalala ubavu. Vijana wa kijiji cha jirani walikata miti, wakafunga khanga, wakambeba hadi barabarani. Alikuwa ameshafariki. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, na kwamba yeye mwenyewe alijua.

Sijaanza kuamini ndege. Ningeamini, ingekuwa nafuu: ningekuwa nimevunja mwiko, na mwiko una tambiko lake. Kosa langu halina tambiko. Mke wangu alikuwa binti wa milimani, hakuweza kusema kwamba mlima umemshinda, tena siku niliyoingojea mwezi mzima. Akaniomba turudi kwa maneno ambayo mimi, kuliko mtu yeyote, nilijua yanasemwa kwa sababu gani. Nikamjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi aliyekosea.

Asubuhi iliyofuata, kaka yake Kalisti alifika na wazee wa ukoo wao. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mume hujibu mbele ya kaka wa marehemu. Usiku ndugu zangu walikuwa wamenishauri niseme aliondoka kwa amani, bila neno. Binti yetu Jeni alikuwa ameshaambiwa hivyo.

"Shemeji, pole," Kalisti akasema. "Alisema nini mwishoni?"

"Aliniambia turudi. Kulukulu alilia kushoto."

Akashusha sauti. "Labda hukumsikia."

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na niliuona.

"Nilimsikia, shemeji," nikasema. "Nikamcheka dada yako."

Nilisema kwa sauti ya kufika jikoni alikokuwa Jeni, asije akaambiwa na mtu mwingine.