Uso wa Ukubwa wa Stempu

Kompyuta niliisomea jioni. Mchana darasa letu lilikuwa la watoto wa shule ya msingi, kwa hivyo sisi watu wazima tulikaa kwenye vidawati vyao, magoti yakigusa masikio, tukifundishwa kibodi iliyochorwa kwenye kadibodi kwa sababu kompyuta ya kweli ilikuwa moja na wanafunzi tulikuwa, naapa, nusu ya Nakuru. Siku niliyopewa cheti nilitembea kutoka mjini hadi mtaani kwetu Free Area nimekikumbatia kifuani, na hata mbwa walinipisha. Kati ya Naivasha na Timboroa, nilijiambia, hakuna mwingine anayejua kutengeneza tovuti. Pengine walikuwako mia mbili, lakini hakuna aliyejitokeza kunipinga.

Cheti hicho ndicho kilichoniingiza kazini katika studio ya picha. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa mjini humo, mtoto wa mpiga picha, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile chetu cha Nakuru, cha kukata kona. Alikuwa amenunua kamera isiyotumia filamu na akawa anaiogopa kidogo, kama mtu aliyeoa mke msomi. Nikamwambia, mzee, hizi picha tuziweke kwenye mtandao. Mteja anapigwa picha asubuhi, mtoto wake kule Marekani anaiona kabla hata huku hatujanywa chai ya saa nne.

Kuna kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa ikitoa nafasi ya bure. Sharti lake liliandikwa chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: mwenye tovuti aingie mara kwa mara, asipoingia itafutwa. Sikuona shida. Mimi nilikuwa naingia kila nilipokohoa.

Tovuti yetu ilikuwa ukurasa wa picha ndogo ndogo, kila moja kama stempu. Ukibonyeza stempu, inafunguka picha yenyewe, kubwa, unaweza kuhesabu nyusi. Watu walikuja kupigwa picha kwa ajili yake tu. Mmoja wao alikuwa mama mkulima wa viazi kutoka Keringet, aliyemleta mama yake mzazi katikati ya mwaka wa 2007. Alikuwa na kaka Marekani ambaye hakuwa amemwona mama yao kwa miaka mingi, na bibi yule alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Jina lake mwenyewe lilikuwa limemtoka. Akiwa amekaa pale akisubiri mzee apange taa, aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu. Baada ya muda akaniuliza tena, nikampa baba mwingine. Mara ya tatu nikamwambia mimi ni mtoto wa Rais, naye akaniangalia kwa huruma na kunipa pole. Binti yake alicheka mpaka akajifuta machozi. Jioni hiyo hiyo kaka akapiga simu kutoka Marekani kusema ameiona picha, na ameiona na wenzake wote wa kazini.

Mwezi wa Desemba, uchaguzi ukikaribia, mzee alikosa raha. Alikuwa ameishi Nakuru chaguzi nyingi kuliko mimi. Alianza kubeba vitu vya nyumbani kidogo kidogo kupeleka Nairobi kwa jamaa zake, kisha siku moja akaniuliza, na ile mambo yako ya mtandao, ikipotea? Nikaweka mkono mmoja mfukoni kama profesa, nikamweleza habari ya nakala: unaichukua tovuti nzima, unaiweka kwenye CD, na CD unaiweka mbali na duka, ili kikiungua hiki kile kibaki. Alipenda sana sehemu hiyo ya mbali na duka.

Intaneti ya siku hizo ilipita kwenye waya wa simu, na modemu yetu ikiunganishwa ililia kama mbuzi mia wanaochinjwa kwa pamoja. Nilikuwa na programu ya kunakili tovuti. Niliiwasha asubuhi, na kutwa nzima mzee alizunguka ile simu kama paka, kwa sababu alitaka kumpigia binti yake na laini ilikuwa yangu. Hatimaye skrini ikaandika kwamba kazi imekwisha. Nikachoma CD. Yeye akasema hapana, kwanza tuione ikifanya kazi. Bonyeza yule bibi wa Keringet.

Ukurasa ukafunguka kutoka kwenye CD, stempu zote zimejipanga. Nikabonyeza ya bibi. Picha kubwa ikaanza kuja kutoka juu, mstari kwa mstari: kitambaa cha kichwa, paji la uso, macho, mashavu, mpaka kidevu. Mzee akauliza mbona inakuja polepole hivyo. Nikamwambia CD ni kama kinu cha posho, lazima izunguke kwanza. Akaridhika. Tulipeana mikono kama watu waliosaini mkataba wa amani. Ile CD nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka kabatini nyuma ya sahani za wageni, mahali ambapo hapaguswi mpaka aje mgeni.

Januari sitaisimulia. Waliokuwa Nakuru wanaijua, na wasiokuwako sitawaongezea, mimi ambaye huongeza kila kitu. Tulijifungia Free Area tukiangalia moshi ukitoka upande huu, kisha upande ule. Duka la mzee lilivunjwa. Kompyuta na kamera zikabebwa, na kisichobebeka kikachomwa. Cyber zote zilikuwa zimefungwa, na wakati ule hata moja ikifunguliwa, nani angetoka nyumbani kwenda kuangalia tovuti ya picha? Kwa hivyo hakuna aliyeingia. Nilipopata intaneti tena, tovuti haikuwako. Ile kampuni ilikuwa imeniandikia barua pepe mbili za kunionya, zenye adabu nyingi sana.

Sikuumia. Nakumbuka vizuri kwamba sikuumia, kwa sababu nilijua nina CD.

Yule mama wa Keringet alikuja mwezi wa pili. Mzee alikuwa amerudi, tunafagia majivu, akaingia mwanamke aliyevaa koti la mtu mrefu kuliko yeye. Sikumtambua mpaka aliposema jina la mahali alikotoka. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Walikimbia hadi barabarani pamoja na wengine, malori yakaja kuwachukua, na katika kupanda, mkono wa mama yake ukamponyoka. Alimwona akiinuliwa na watu kwenye lori lingine. Lake yeye lililetwa Nakuru, kambi ya uwanja wa maonyesho. Lile lingine hakuna aliyejua lilishukisha wapi. Mengine yalienda Molo, mengine Gilgil, mengine Naivasha.

"Hawezi kujitaja," alisema. "Wakimuuliza yeye ni nani, atawauliza wao ni watoto wa nani."

Kambini walikuwa wamemwambia alete picha, isambazwe kambi zote. Picha aliyokuwa nayo iliungua ukutani. Alikuwa ameshampigia kaka yake simu Marekani. Kaka hakuwahi kuihifadhi. Kila alipotaka kumwona mama yake alifungua tovuti yetu. Kwa nini ahifadhi kitu ambacho kiko kwenye mtandao?

Nikamwambia, mama, tulia. Mimi ninayo.

Sijui kama nitawahi tena kusema maneno matamu kama hayo. Nilikimbia Free Area na kurudi kwa kasi ambayo mpaka leo naamini ni rekodi ya taifa. Tukaingia cyber ya jirani, sisi watatu. Kijana wa pale akatuambia kompyuta ziko lakini mtandao hauko, laini imekatika tangu jana. Nikamwambia kwa majivuno kwamba hatuhitaji mtandao. Ndiyo maana ya nakala.

Ukurasa ukafunguka. Zikaja stempu zote: maharusi, watoto waliohitimu chekechea, wazee na fimbo zao. Katika safu ya chini alikuwako yeye. Binti yake akanyoosha kidole akaigusa skrini, akasema kwa sauti ndogo, huyo. Nikabonyeza.

Skrini ikawa nyeupe. Ikaandika kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa.

Nikabonyeza tena. Nikajaribu bwana harusi mmoja, nikajaribu mtoto, nikaitoa CD nikaipangusa kwa shati, nikairudisha. Stempu zilikuja zote. Kubwa haikuja hata moja.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. "Siku ile ilikuja polepole," alisema. "Ilikuwa inatoka wapi?"

Hapo nikaelewa. Ile programu ilikuwa imenakili ukurasa na kile kinachoonekana juu yake, basi. Picha kubwa ilizigusa kwa njia ya anwani tu, na anwani ile ilielekeza kule ng'ambo. Siku ya majaribio waya wa simu ulikuwa bado umechomekwa. Tulipobonyeza, picha ilishuka mstari kwa mstari kutoka kwenye tovuti iliyokuwa bado hai, nasi tukaisifu CD. Siku hizi nikifanya nakala ya chochote huchomoa kila waya kwanza, hadi watu wa ofisini hunicheka. Sijawahi kuwaeleza kwa nini.

Nilichoweza ni kuivuta ile stempu ikue. Nilijaribu kila nilichofundishwa na vingine nilivyobuni. Kadiri ilivyokua ndivyo uso ulivyozidi kuvunjika: miraba ya kahawia, miraba miwili myeusi mahali pa macho, ukanda wa kijani juu ambao ulikuwa kitambaa. Nilitaka kumwambia yule mama kwamba haitafaa. Lakini yeye alikuwa ameinama karibu na skrini na uso umemlainika.

"Wacha hapo hapo," alisema. "Mimi namwona."

Bila shaka alimwona. Alikuwa anajua ni nani.

Tukachapa karatasi nyingi, na chini tukaandika nambari ya simu ya studio. Zikaenda kambi zote. Na simu zikaanza kuja. Nilikuwa nimeogopa kwamba hakuna atakayemtambua bibi yule. Wakamtambua wote. Alikuwa Molo, amekaa karibu na hema la dawa. Alikuwa Naivasha, jana tu alipewa uji. Alikuwa kanisani Elburgon. Hawakuwa waongo hao watu, walikuwa wanataka kusaidia, na katika miezi ile kila kambi ilikuwa na bibi wa aina hiyo, kitambaa kichwani, kimya, haulizwi na mtu. Miraba yangu iliwatosha wote.

Kila simu ilipokuja, yule mama alienda. Akirudi alipitia studio, nikamtengenezea chai, akaniambia si yeye. Mwanzoni nilimtania kidogo ili acheke, kwamba mama yake bila shaka ameshapata mchumba na amejificha. Alicheka mara moja. Baadaye niliacha, na mimi si mtu wa kuacha.

Siku aliyorudi kutoka Gilgil alikaa muda mrefu bila kugusa kikombe. Huko walimpeleka hadi kwenye hema wakiwa na hakika kabisa. Akamkuta bibi amelala, akaiweka karatasi kando ya uso wake.

"Ni yeye," aliniambia. "Ni huyo huyo wa kwa picha, hakuna mahali wameachana. Lakini si mama yangu."

Kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani ndilo lililomleta. Macho ya mama yake yalikuwaje? Mimi nilikuwako siku ile, nilikaa na ile picha, niliiona ikiwa kubwa. Yeye siku hizi akifumba macho anaona karatasi. Anaona vile vidoadoa, hawezi kuvipita afike nyuma yake.

Nilitafuta. Mimi niliyeweza kukuelezea mbuzi mia ndani ya modemu sikuwa na hata jicho moja la kumpa. Nyuso zilizopita mikononi mwangu mwaka ule zilikuwa nyingi mno, na zote nilikuwa nimeziweka mahali salama ili nisihitaji kuzikumbuka. Nikamwambia ninachokumbuka ni kwamba aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Akasema, hiyo najua.

Mwaka ukaelekea kuisha. Mzee alifungua tena kwa kamera ya kuazima, na ile karatasi tuliibandika mlangoni. Jua likaila rangi, kahawia ikawa kijivu, na kile kitambaa cha kijani kikawa samawati. Asubuhi moja mshukishaji mizigo wa lori la kabeji alisimama mbele yake, kofia mkononi. Akaniambia, bosi, huyu mathe nimemwona juzi, huko chini Maai Mahiu, kwa hema za pale kando ya barabara. Nikamwambia aangalie vizuri. Akasogea hadi pua ikakaribia mlango, akatazama ile miraba iliyofifia, akasema ni yeye kabisa, atamsahau vipi, na bibi mwenyewe alimsalimia.

Nilishika simu bila kubonyeza. Mzee aliniangalia kutoka kwenye kiti chake. Nikapiga. Nilimwambia yule mama kila kitu, pia nikamwambia rangi imeisha kwenye karatasi, na kwamba mtu yeyote anaweza kuona chochote pale.

"Mwambie huyo wa lori asiondoke," alisema. "Nakuja."