Abiria Juu ya Kioo

Kazini walimwita Hakikisha, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye macho yaliyozama kidogo, kana kwamba yamerudi nyuma ili yaone vizuri. Akifunga mlango huvuta kufuli, huondoka, kisha hurudi kulivuta tena. Akinunua dawa husoma maandishi ya kwenye boksi palepale kaunta, midomo ikicheza, mpaka muuzaji aone aibu ya kosa ambalo hajalifanya. Mumewe, dereva wa lori, alishazoea kuulizwa kikohozi chake kimetoka wapi.

"Kimetoka kifuani, mke wangu," humjibu. "Ulitaka kitoke wapi?"

Kazi yake ilimfaa mtu wa namna hiyo. Maabara ilikuwa chumba kirefu nyuma ya hospitali, chenye madirisha yasiyofunguka na harufu ya dawa inayowasha pua. Vipande vilivyotolewa kwenye miili ya watu vilifika humo, vikazamishwa kwenye nta ya moto, vikaganda kuwa bloku ndogo kama masalia ya sabuni. Hakikisha aliifunga bloku kwenye mashine, akazungusha mkono wa chuma, na wembe ukatoa utepe mwembamba ambao ukiupumulia vibaya unapotea. Aliulaza utepe juu ya maji ya uvuguvugu kwenye bakuli jeusi, ukajinyoosha wenyewe kama mtu anayeamka, naye akauopoa kwa kipande cha kioo. Kioo kikatiwa rangi, kikaenda kwa daktari wa hadubini, na huko ndiko lilikotoka lile neno ambalo mtu hurudi nalo nyumbani.

Kati ya bloku moja na nyingine ilikuwa lazima kupitisha karatasi laini juu ya maji, kuyafagia. Usipofagia, chembe ya nyama ya mtu wa kwanza hubaki ikielea, ikajibandika kwenye kioo cha mtu wa pili. Wakataji waliiita abiria. Abiria hana tiketi, walisema, lakini akishapanda anasafiri na wewe mpaka mwisho.

Mwaka huo maabara ilikubali kushirikiana na madaktari wa mifugo katika utafiti. Mbwa jike hupata uvimbe wa matiti kama wanawake, na watafiti walitaka vioo vya mbwa na vya wanawake vichanganywe, wasomaji wawili wavisome bila kuambiwa kipi ni cha nani, ili ijulikane macho ya madaktari hukubaliana mara ngapi na hupishana mara ngapi. "Chini ya hadubini," alisema daktari wa mifugo, mtu mchangamfu aliyekuja na buti za mpira hadi ofisini, "mwanamke na mbwa jike wanafanana kuliko tunavyopenda." Bloku za mbwa zilikatwa asubuhi. Kisha maji yalitakiwa kumwagwa, bakuli kuoshwa, ndipo bloku za wagonjwa zianze.

Mumewe aliyapeleka hayo kwa ndugu zake kama kichekesho. Siku moja wamekaa wanakunywa chai, akasema mke wake siku hizi anapasua matiti ya mbwa, na watu wote wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa dada yake, fundi cherehani, mwanamke mnene wa sauti kubwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni hata siku za mapumziko.

"Wifi," alimwambia Hakikisha, "sasa mimi nikiugua, nije hapo kwenu au nibweke tu kutoka nyumbani?"

Fundi huyo ndiye aliyekuja kuugua. Akijipima gauni lake mwenyewe mbele ya kioo, mkono ukagusa kitu kwenye titi la kushoto. Hospitali walipiga picha, wakachoma sindano, wakatoa nyuzi nyembamba za nyama. Majibu yakarudi: saratani. Mpasuaji akasema titi liondolewe mapema, akampangia wiki inayofuata.

Fundi akasema hakatwi.

Hakikisha alipitia kwake akitoka kazini, akamkuta kwenye cherehani, mguu ukikanyaga kwa hasira, kitambaa kikikimbia chini ya sindano.

"Wifi, zima hiyo mashine tuongee."

"Mashine haizuii masikio. Ongea."

"Kaka yako halali. Mimi silali. Kwa nini unakataa?"

Fundi alisimamisha mguu. "Nikuulize. Siku walipokata nyama yangu, walikata na mbwa?"

"Mbwa wanakatwa kila asubuhi."

"Kwenye mashine hiyohiyo?"

"Mashine hiyohiyo, lakini wembe unabadilishwa, maji yanamwagwa…"

"Wewe uliona yakimwagwa?"

Siku hiyo Hakikisha alikuwa upande wa kutia rangi. Aliyekata ni mwenzake, kijana mnene waliyemwita Chapuchapu.

"Sijakusikia ukijibu," alisema wifi yake, kwa upole uliouma kuliko kelele. "Mimi simkatai mpasuaji. Naogopa kukatwa titi kwa ajili ya ugonjwa wa mbwa wa watu."

Hakikisha alitoka pale akiwa amebeba kitu ambacho hakuingia nacho. Alijaribu kumcheka wifi yake njiani, kicheko kikagoma. Siku ile, alikumbuka, umeme ulikatika asubuhi ukachelewa kurudi. Bakuli la maji huchukua muda kupata joto. Mtu aliyelimbikiziwa kazi, mwenye haraka ya kuzaliwa nayo, angemwaga maji yaliyokwisha kupata uvuguvugu, aanze kungoja upya? Hakumwona Chapuchapu akiacha kumwaga. Hakumwona akimwaga pia. Kati ya mambo hayo mawili shaka ilijipatia kiti, ikakaa.

Kesho yake alimtazama Chapuchapu akifanya kazi. Kila alichofanya kilimtia wasiwasi: alivyopiga mluzi, alivyofuta mikono kwenye koti, karatasi aliyoipitisha juu ya maji mara moja tu, juujuu, kama anayefukuza inzi. Je, alikuwa hivyo siku zote, au ni jicho lake lililobadilika? Alimsogelea.

"Siku ile ya umeme, maji ulimwaga?"

"Siku gani ya umeme?"

"Ulipokata mbwa, kisha wanawake."

Chapuchapu aliacha mluzi. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu, Dada. Wewe unahukumu, halafu unatafuta shahidi." Uso wake mpana ulikuwa umepoteza rangi. "Namwaga kila siku."

"Nimekuuliza siku ile."

"Siku ile imo ndani ya kila siku au haimo?"

Lilikuwa jibu la mtu msafi, na lilikuwa jibu la mtu mwenye hatia. Hakikisha alilizungusha kichwani mpaka likakosa maana, kisha akagonga mlango wa daktari wa hadubini.

Daktari alikuwa mama mzee kidogo, mwenye miwani ya kamba na kawaida ya kunyamaza kabla ya kujibu. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Kisha akatafuta kioo cha yule fundi, akakiweka, akasogeza, akasogeza tena.

"Kuna nyuzi kadhaa," alisema. "Ugonjwa uko kwenye mmoja tu, huu wa pembeni. Kama ungekuwa katikati ningekufukuza. Pembeni… abiria hupenda kukaa pembeni." Alivua miwani. "Bloku ipo. Abiria wa majini hakai ndani ya nta. Tukate upya, tuone kama na ndani yumo."

"Nitakata mwenyewe."

"Wewe ni wifi yake. Atakata mwenzako, na wewe utasimama."

Chapuchapu alipoambiwa alimwaga maji ya bakuli kwa kishindo, akasugua, akasugua tena, akaliinua dirishani mbele ya uso wa Hakikisha kama mpishi anayeonyesha sufuria.

"Mheshimiwa mkaguzi, umeridhika?"

"Wembe."

"Wembe mpya. Nikulambishe?"

"Endelea na kazi yako."

Maji yalichukua muda kupata joto, nao wakakaa pande mbili za bakuli kama wafiwa wasiojuana. Kisha Chapuchapu alifunga bloku. Mkono wa chuma ukazunguka polepole, polepole kuliko Hakikisha alivyowahi kumwona, na utepe ukatoka mzima. Kabla ya kuulaza, Chapuchapu alifagia maji mara tatu, ingawa yalikuwa mapya. Hakikisha aliliona hilo, na hata hilo alishindwa kuamua ni la nini.

Walipopeleka kioo, daktari alikaa nacho muda mrefu.

"Umo," alisema mwishoni. "Uzi uleule, ugonjwa uleule, na umezidi ukubwa kadiri tunavyoingia ndani. Haukupanda majini."

Chapuchapu alitoka, akaufunga mlango taratibu mno. Hakikisha alibaki amesimama.

"Na kama uliingia kabla ya nta?" aliuliza. "Wakati wa kufungasha vipande. Koleo lina nyama ya mbwa, linagusa…"

"Mbwa hatuwachomi sindano. Tunawakata vipande vizima. Huu ni uzi wa sindano."

"Basi wa mwanamke mwingine. Siku ile palikuwa na wanawake wengine."

Daktari alifungua daftari la siku ile, akapitisha kidole. "Walikuwepo. Na mmoja wao alikuwa nao ugonjwa."

"Umeona!"

"Nimeona kwamba hutachoka. Kaa chini." Hakukaa. "Mpasuaji ameshika kwa mkono, akasema ni mbaya. Picha imesema ni mbaya. Hadubini imesema ni mbaya. Vitu vitatu visivyojuana vimesema neno moja. Usahihi tulio nao ndio huo. Kuapa siwezi, wala sijawahi kuapa kwa ajili ya mtu yeyote, hata dada yangu wa tumbo moja. Kama mgonjwa anataka, achomwe sindano tena, tuanze mwanzo."

Jioni Hakikisha alimkuta wifi yake amekaa kitandani na si kwenye cherehani, na hilo lilimtisha kuliko maneno. Futi bado ilikuwa shingoni. Hakikisha alimweleza yote: bakuli, wembe, uzi wa pembeni. Akamweleza na habari ya sindano ya pili.

"Sichomwi tena," alisema fundi. "Nikae tena nasubiri majibu, nikihesabu mbao za dari? Hapana, wifi. Nikubali nikatwe, au nikatae nikae na kitu changu. Nusunusu sitaki."

"Mpasuaji anasema ukichelewa…"

"Najua anachosema. Nakuuliza wewe." Aligeuka, akamtazama usoni. "Wewe huamini hata kufuli lako mwenyewe. Siku nimekushonea gauni ulilipima na futi nyingine, nilikuona, nikanyamaza. Kaka yangu akikohoa unamwona mwongo. Kwa hiyo sitaki habari za daktari. Niambie wewe. Umeamini?"

Barabarani mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu. Hakikisha aliusikiliza mlio wake mpaka ukapotea. Alifikiri juu ya yule mwanamke mwingine, mgonjwa wa siku ileile, asiyemjua sura, ambaye labda uzi wake ulitoka na koleo ukaingia pasipo pake. Labda. Neno hilo lilikuwa limemlisha maisha yake yote. Akilisema sasa, wifi yake atabaki na titi lake, na huenda likamuua. Akilimeza, titi litakatwa, na huenda lilikuwa zima.

"Nimeamini," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa, wifi."

Fundi alimwangalia kidogo zaidi, kama anayetafuta mshono ulioachia. Kisha akaanza kulia, na katikati ya kilio akasema, "Basi nitafutie kanga safi ya kwenda nayo, hizi zote zina chaki."

Wiki iliyofuata titi lilifika maabara kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko. Hakikisha aliijua namba ya kwenye kibandiko kabla hajaisoma. Angeweza kuomba ruhusa siku hiyo. Daktari alimpa nafasi ya kuomba, akasubiri, akaona haombi. Chapuchapu aliacha mashine yake, akaja kusimama upande wa pili wa meza. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kioo.

Usiku kucha, baada ya upasuaji, Hakikisha alikuwa amelala kando ya kitanda cha wifi yake wodini, akisikia anavyogumia katika usingizi wa dawa, na kila mgumio ulimuuliza swali lilelile. Sasa alisimama wima, mikono nyuma, asiguse kitu.

Daktari aliligeuza titi ubaoni, akalipapasa, akachukua kisu kirefu, akapasua mara moja. Nyama ya njano ilifunguka kama kitabu. Katikati palikuwa na kitu cheupe, kigumu, kilichotoa vidole vyake pande zote kama kinachoshikilia, na kisu kilipokipitia kilikwaruza, kama kinapita kwenye kiazi chenye mchanga. Haikuhitajika hadubini.

"Huyo hapo," alisema daktari.

Hakikisha alihisi furaha ikimpanda kutoka miguuni, furaha nzito, mbaya, isiyo na haya, ikamjaa kifua mpaka akashika ukingo wa meza. Ilikuwepo. Saratani ilikuwepo kweli, ndani ya mwili wa mtu aliyempenda, naye alikuwa akishukuru.

"Dada," alisema Chapuchapu kwa sauti ndogo, "kaa kidogo."

Alimsogezea kiti, na Hakikisha akakaa bila kukikagua.