Siku Mama Mkwe Alipoingia Busawe na Mlango Mkononi

Nakiri kabisa, mpaka leo nikikutana na mtu wa Busawe sokoni huwa najifanya nachagua nyanya, maana sijui kama ni mmoja wa wale waliokuwepo siku ile, na kwa jinsi habari ilivyosambaa naona kama Busawe nzima ilikuwepo (ambao hawakuwepo walisimuliwa, na waliosimuliwa ndio wanaosimulia vizuri kuliko walioona). Mnanijua, mimi ni nesi, mtu wa heshima zangu, nimetoka Tukuyu nikapangiwa zahanati huku Kemambo, nikaolewa na Mkurya, nikazaa, nikajiona nimekuwa mwenyeji. Sasa sikilizeni mwenyeji alivyojiaibisha.

Gari lenyewe ni kile kigari chetu cha zamani, cha mume wangu Marwa, ambaye ni dereva wa hoteli ya watalii upande wa Ikoma na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi mimi ndiye ninayelishika. Linatembea vizuri, sina neno nalo, ila kwa ndani mlango wa mbele upande wa abiria ile plastiki yake (mafundi wanaiita paneli) ilikuwa imepata ufa mrefu kuanzia kwenye kitasa mpaka pale pa kuegemeza mkono. Jua la huku linaikausha, barabara inaitikisa, na watu wanafunga mlango kama wanafunga zizi. Ukiegemea, ufa unafunguka. Ukiondoa mkono, unajifunga. Na ukikuta nyama katikati, ndiyo hivyo tena.

Sasa nyama iliyokutwa katikati ilikuwa ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mrefu, mnyoofu, wa maneno machache. Hajawahi kunisema vibaya, lakini miaka yote hiyo hakuwahi kunisifu pia, na mimi nilikuwa nimeshazoea kumpikia, kumpokea mzigo, kumsalimia shikamoo kwa goti, halafu nabaki nikimwangalia usoni nione kama nimefaulu au nimefeli, na uso hausemi. Jumapili hiyo tulikuwa tunatoka kanisani, gari likaruka kwenye shimo, nikasikia amevuta pumzi kwa meno. Ufa umembana mkono. Hakulalamika. Aliutazama mlango, akasema, "Lina meno," basi.

Nilijisikia vibaya, jamani! Jioni nikampigia Marwa simu kumwambia nataka kuutengeneza ule mlango.

"Iache mpaka nije," akasema. "Ile plastiki imekakamaa kwa jua, ukiilazimisha itapasuka zaidi. We tandika kitambaa, egesha gari kivulini, na waambie watu wasibamize mlango."

Waambie watu! Alimaanisha mama yake, na alijua kabisa kwamba mimi siwezi kumwambia mama yake abamize au asibamize chochote.

Ningemsikiliza tu. Lakini Jumamosi iliyofuata tulikuwa na safari ya Busawe, na safari yenyewe si ya kwenda kununua mahindi. Shemeji yangu Chacha, kitinda mimba wa mama, alikuwa amepata mchumba huko, binti mmoja mpole anaitwa Robhi, na siku hiyo ndiyo mama alikuwa anakwenda kuonana na wakwe kwa mara ya kwanza. Wajomba walishatangulia. Mimi nilipewa kazi moja tu, kumwendesha mama na Chacha. Nikawaza, mama aingie kwa watu wazito na mkono umevimba kwa sababu ya gari langu? Hapana. Leo nitamfanya mama mkwe akae kama malkia.

Basi alfajiri ile nikaamka, nikafungua simu, nikatafuta video. Kijana mmoja anaeleza taratibu kabisa: pachua paneli, toboa kitundu kidogo kule ufa unakoishia ili usiendelee, safisha, kwaruza upande wa nyuma kwa msasa, bandika wavu na gundi kwa nyuma, halafu acha mpaka kesho yake. Hapo pa kesho yake nilipasikia, siwezi kudanganya. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona kitu kingine: hiki ni kidonda! Kusafisha, kufunga, kuzuia kisiendelee, si ndiyo kazi yangu kila siku? Nikatoa spiriti, nikatoa bandeji (ya kwangu, niliyonunua dukani kwa hela yangu, msianze maneno), nikaenda kwenye gari nikijiona daktari bingwa.

Kupachua tu nikavunja vile vishikizo vidogo vinavyoibana paneli kwenye bati, maana na vyenyewe vimekauka, vinalia ka! ka! ka! Nikasema haidhuru, gundi itashika. Gundi yenyewe ni ile ya mirija miwili, mmoja gundi na mwingine dawa ya kuikausha, unachanganya sawa kwa sawa. Dawa ilikuwa na harufu kali mpaka machozi, nikaogopa, nikaweka kidogo, maana sisi tumefundishwa dozi ikizidi inaua. (Hakuna aliyeniambia kwamba na dozi ikipungua mgonjwa anabaki mbichi.) Nikabandika bandeji kwa nyuma, nikapaka pembeni zote, nikairudisha paneli mahali pake, nikachomeka waya wa kitufe chake cha kupandishia kioo, na kwa kuwa iliyobaki sitaki kuitupa, nikaipaka yote kwa mbele, juu ya ufa na pale pa kuegemeza mkono, ili ing'ae. Ikang'aa! Nikapepea kwa ungo. Nikagusa kwenye kona, pakavu. Ile kona nilikuwa nimepaka kidogo sana, lakini hilo nalijua leo.

Mama akafika kutoka kwake amependeza sijawahi kuona. Kitenge kipya cha maua makubwa, mikono mirefu, kilemba kimesimama. Akaingia mbele, akautazama mlango unavyong'aa, akanitazama mimi.

"Umeutengeneza?"

"Ndiyo, mama. Hautakuuma tena."

Akaitikia kwa kichwa, akaegemeza mkono, na kwa furaha mimi nikawasha gari kabla hata Chacha hajakaa vizuri kule nyuma.

Mwendo wote jua lilikuwa upande wake. Tukavuka Mto Mara, ndani kukawa kama oveni, Chacha anafanya mazoezi ya salamu kwa sauti ya chini, na mama akasinzia ameulalia ule mlango, bega, mkono, kitenge, vyote. Nikamtazama nikasema moyoni, ona alivyotulia, angeweza kusinzia juu ya meno?

Tulipoingia kwenye ua wa wakwe, wanawake walikuwa wamejipanga, vigelegele vimeanza kabla sijazima gari. Mbele yao yupo Mama Robhi, mama wa binti, mfupi, mnene, mchangamfu, akaja mbio upande wa mama, akashika mlango kwa mikono miwili.

"Karibu! Karibu mkwe wetu, karibu sana!"

Akauvuta wote mpaka mwisho, na mama akaenda nao.

Sijui niwaelezeje. Mlango umefunguka, na mama mkwe wangu, ambaye ndiyo kwanza anafumbua macho, anatoka ubavu ubavu kama amesukumwa, kilemba kimeinama, mguu mmoja chini mwingine bado ndani. Mama Robhi akadhani mgeni anaanguka, akamdaka kiunoni, akamwinua, na walipoinuka wote wawili ikasikika sauti ya kitu kinachobanduka, mchaaa, na paneli nzima ikang'oka kwenye mlango ikabaki kwa mama. Gundi ilikuwa imemshika mama, mlango ikauachia.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Yule wa nyuma kabisa, ambaye hakuona, akaendelea peke yake kidogo, akanyamaza.

Mama akapiga hatua mbele kwa heshima zake, akafika mahali akasimama ghafla, kwa sababu ule waya wa kioo ulikuwa bado umechomekwa. Amefungwa kwenye gari. Chacha akaruka kutoka nyuma, suti yake mpya, tai imeruka begani, akaanza kuvuta.

"Mura, mwanangu, usinivute!" mama akamwambia. "Vuta waya!"

Akauchomoa. Mama akaweka kilemba sawa kwa mkono ule uliokuwa huru, akanyoosha mgongo, akatembea na paneli ubavuni kama ngao mpaka kwa babu wa binti, mzee sana aliyekuwa amekaa kwenye kiti, akainama kidogo.

"Shikamoo, tata," akamwamkia, yaani shikamoo baba.

"Marahaba," mzee akajibu, macho hayaondoki ubavuni. "Hicho mmekuja nacho ni kitu gani?"

Chacha, ambaye alitakiwa siku hiyo aonekane mwenye akili, akasema, "Ni mlango, babu."

"Mlango wa nini?"

"Wa gari."

Mzee akageuka kulitazama gari taratibu. "Na gari limebaki na nini?"

Hapo watu wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika, na mimi machozi yakaanza kutoka. Nililia kabisa, nikiwa nimeshika usukani. Nikaona nimemharibia Chacha mke, nimemdhalilisha mama wa mume wangu mbele ya wakwe zake, na kesho nitaandika barua ya kuomba uhamisho nirudi Tukuyu nikalime viazi.

Mama akageuka. Akanitafuta kwa macho, akaniona kupitia kioo, akawaambia wale watu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Mnacheka nini? Mlango huu uliniuma mkono. Yule mkwe wangu pale, ni nesi, ameamka alfajiri kuutibu usiniume tena. Nani hapa mkwe wake aliwahi kuamka alfajiri kwa ajili ya mkono wake?"

Halafu mwanamke mmoja akasema, "Wa kwangu hata chai haniamkii," na ua mzima ukalipuka, vigelegele vikarudi maradufu, na mama naye, jamani, mama mkwe wangu akacheka! Akacheka mpaka paneli ikawa inampigapiga kiunoni.

Tukaingizwa chumbani, mimi, mama, na Mama Robhi na chupa yake ya mafuta ya kupikia. Mkono ulikuwa umeshika pale kwenye kiganja na kidogo chini ya kiwiko, sehemu nyingine ni kitenge. Nikapaka mafuta, nikabandua taratibu kama ninavyobandua plasta ya mtoto, na kwa mkasi nikakata kitenge.

"Usikate hapo, hapo kuna ua," mama akasema.

"Mama, ua limeshika."

"Basi kata. Na uache kulia, machozi yanaingia kwenye mafuta."

Mama Robhi akamwazima gauni lake, na kwa kuwa yeye ni mfupi na mama ni mrefu, lilimwishia magotini. Wakatazamana wale akina mama wawili, wakaanza tena kucheka, wameshikana. Baadaye wakati wa chakula nilimsikia Mama Robhi akimwambia, "Sisi tulikuwa tunakuogopa, dada. Tuliambiwa wewe ni mkali, mwanetu atateseka." Mama akamjibu, "Mimi ni mkali. Ila leo nimechelewa kuanza." Mazungumzo yalikwisha vizuri mno, wajomba wenyewe walishangaa.

Kurudi nilimfungulia mama mlango wa nyuma, maana mbele palibaki bati tupu na waya zinaning'inia. Akakataa, akakaa mbele na gauni lake fupi. Na mlango akaufunga polepole, polepole kiasi kwamba haukujifunga, ikabidi Chacha ashuke akaubamize.

Nilipanga kumweleza Marwa kwa utaratibu, lakini alikuwa ameshapata picha kutoka kwa watu watatu tofauti. Alipokuja alikwangua uchafu wangu wote, akaanza upya: wavu kwa nyuma, gundi na dawa yake sawa kwa sawa, paneli ikakaa ndani ya nyumba mpaka ikawa ngumu kama mfupa, vishikizo vipya pande zote ndipo ikarudi mlangoni. Siku hizi gari naliegesha kivulini, lisipopata kivuli natandika kitenge juu ya milango na kuacha vioo wazi kidogo, vumbi nafuta kwa kitambaa chenye unyevu, na ufa haujarudi. Nikaapa mbele ya mume wangu kwamba sitatengeneza tena kitu chochote kisicho na damu.

Nimekaa na kiapo changu vizuri mpaka juzi. Juzi nimetoka zamu namkuta mama mkwe amekaa barazani kwangu, ametembea mwenyewe kutoka kwake, kiti chake cha plastiki anachokipenda kimelala mapajani, kimepasuka mguu. Hakuna alichoniomba miaka yote hiyo, hata chumvi.

"Mama Bhoke," akaniita kwa jina la mwanangu, "wengine walitaka kukitengeneza, nimewakatalia. Nimekuletea wewe."

Nilijua kabisa cha kumjibu. Nilikuwa nimeshaapa. Nikapiga goti, nikasema shikamoo mama, nikakipokea kile kiti kwa mikono miwili.