Ekzosi ya Pikapu ya Maziwa

Mtaani walimwita Kimya, na si kwa upole wake. Mdomo wake ulikuwa haukauki maneno, hasa akiona kazi ya fundi mwingine. Jina alilipata kwa ekzosi zake, yale mabomba ya kutolea moshi. Gari lililoingia karakanani kwake likinguruma na kukohoa lilitoka likinong'ona, na mteja mmoja aliwahi kurudi siku hiyo hiyo kuuliza kama injini yake inawaka au imezima. Kisa hicho Kimya alikipenda kuliko picha ya harusi yake. Alimsimulia kila aliyefika, aliyekisikia na asiyekisikia.

Lakini ekzosi aliyoipenda kupita zote ilikuwa chini ya pikapu ya mkewe. Mama Pacha aliuza maziwa. Kila alfajiri alipakia madumu akapanda nayo mlima, hadi hospitali na nyumba za huko juu. Pacha wao walipokuwa wachanga, pikapu ikiwashwa tu uani, wote wawili waliamka kwa mpigo na kulia mpaka mama arudi, na Kimya akabaki anazunguka chumbani na mtoto mmoja kila bega. Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akaingia chini ya gari, akafunga bomba jembamba na sailensa aliyoitengeneza kwa mikono yake, ndani imejaa vijibomba vya kuuzungusha moshi hadi uchoke kupiga kelele. Kesho yake Mama Pacha akaondoka, watoto wakalala fofofo, na baba yao akalala nao.

Pacha hao sasa wana ndevu na wanaishi mbali, kila mmoja na kazi yake. Ekzosi ilikula kutu mara kadhaa, na kila mara Kimya alirudishia upana ule ule. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, naye hakujiuliza.

Kisha injini ikazeeka. Pikapu ikaanza kuhema mlimani, na asubuhi moja, kwenye kona kali, ikaishiwa nguvu kabisa ikarudi kinyumenyume na mzigo wake. Mama Pacha aliiokoa kwa kuiegemeza kwenye kingo ya barabara. Alifika nyumbani akisimulia huku anacheka. Kimya alimmiminia chai, nyingine ikamwagika mezani.

"Huo mlima uache," akasema.

"Nikiuacha, wagonjwa wanywe nini?"

Mama Pacha akishasema hivyo, mjadala umefungwa. Aliyewatoa kwenye shida ni kaka yake, fundi injini, ambaye alileta supachaja iliyotoka kwenye gari lililopata ajali. Ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, na kazi yake ni kuishindilia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Aliifunga kwa siku nzima, kisha akachungulia chini ya gari, akaguna.

"Shemeji, hewa ikiingia nyingi lazima itoke nyingi. Hili bomba lako ni mrija wa soda. Weka inchi tatu."

"Inchi tatu tunapitisha moshi au tunapitisha ng'ombe?" Kimya akajibu. "Injini yenyewe ndogo. Bomba likizidi, moshi unatoka kwa uvivu, na gari linakuwa zito kuondoka. Mbili na nusu zinatosha."

"Mbili na nusu sawa. Ila ile mashine yako ya kukunja inaminya kona. Bomba la mbili na nusu likifika kwenye kona linabaki mbili."

Hapo Kimya alichomwa mahali panapouma. Aliiacha mashine, akajaza bomba mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, akalichoma moto hadi likawa jekundu, akalikunja polepole. Mchanga ulizuia bomba lisibonyee, na kona zote zikatoka za mviringo. Shemeji alipitisha kiganja kila mahali akitafuta kasoro, asiione.

"Umenikomesha," akasema.

Asichokiona ni tumbo la sailensa. Kimya alikuwa ameipanua midomo yake miwili na kuivisha bati jipya, lakini ndani aliviacha vile vijibomba vya zamani. Alijiambia anawahurumia majirani. Majirani hawakuwamo. Ukweli ni kwamba hakuweza kuwaza mkewe akitoka uani kwa kishindo.

"Panda," Mama Pacha akamwambia asubuhi ya kujaribu gari. "Twende ukaone kazi yako."

Kimya hakuwahi kupanda naye mlima ule. Aliketi, dumu katikati ya magoti. Kwenye tambarare pikapu ilichanja mbuga, naye akaanza kutabasamu. Mlimani Mama Pacha akakanyaga mafuta, supachaja ikapiga mluzi, halafu gari likabanwa, kama mtu aliyezibwa mdomo. Walipofika kwenye ile kona lilikuwa linatambaa. Kimya hakuangalia barabara. Aliangalia mikono ya mkewe, jinsi ilivyoushika usukani hadi vifundo vikatokeza, na midomo yake iliyokuwa ikisema maneno yasiyo na sauti. Akaelewa kwamba hivyo ndivyo anavyopanda kila siku, na kicheko ni cha kuletea nyumbani.

Kona ikapita, kwa taabu. Mama Pacha akakipapasa kioo cha mbele.

"Kazi nzuri, Baba Pacha. Imepanda."

Afadhali angemtukana. "Haikupanda," Kimya akasema. "Mimi nimeibana. Ndani ya sailensa nimeacha vile vijibomba vya watoto."

"Watoto gani? Wana ndevu."

"Najua."

Mama Pacha alinyoosha usukani. Kisha akaweka mkono kwenye goti la mumewe, akauacha hapo mpaka gia ilipouhitaji. "Basi vitoe," akasema.

Kimya aliikata sailensa mchana ule ule, akaweka bomba moja pana, lenye matundu, lililonyooka kutoka mdomo hadi mdomo. Gari lilipowashwa, kinyozi wa jirani alitoka na mashine yake mkononi. "Leo Kimya kapasuka," akatangaza, na mtaa mzima ukacheka.

Alfajiri iliyofuata alisimama getini. Miaka yote pikapu ikishatoka haikusikika tena, na mpaka irudi alibaki na mawazo tu. Sasa aliisikia ikipita sokoni, ikivuka daraja, ikianza mlima. Aliisikia ikiingia kwenye kona. Mngurumo haukukatika. Ulipanda, ukapanda tena, ukazimika mlangoni mwa hospitali, na Kimya akaingia ndani kuchemsha chai.

Mama Pacha aliporudi alikuta chai imemiminwa, ya moto.

"Umejuaje nimefika?"

"Tulikuwa wote njia nzima," akamjibu.