Mama Hamira na Kamera ya Joto

Mtaa mzima ulimwita Mama Hamira, kwa sababu alioka mikate, na kwa sababu kicheko chake kikianza kuumuka hakuna wa kukizuia. Siku hiyo alifika kliniki na wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuja kumsindikiza tu. Walikuwa wamesikia kuna kamera inayopima joto la matiti bila kugusa wala kuminya. Hilo la kutominywa ndilo lililomtoa Mama Hamira dukani.

Muuguzi alipoona nafasi ipo, akawaingiza wote wawili kwenye chumba cha baridi. Wavue nguo za juu, wainue mikono, wasubiri ngozi ipoe.

"Wifi," Mama Hamira alinong'ona, "tumekaa kama wezi waliofumaniwa."

"Nyamaza! Mimi nimekuja kukushikia mkoba. Sasa nimevuliwaje?"

"Mkicheka mnapanda joto," muuguzi akaonya. Lo, ndiyo kwanza akachochea moto. Walicheka mpaka machozi, na muda ukaanza kuhesabiwa upya.

Picha zilipotokea, titi la kulia la Mama Hamira lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Ya wifi yalikuwa bluu tupu.

"Baridi kama friji! Namhurumia kaka yangu!" alisema Mama Hamira. Kisha sauti ikamshuka. "Huo wekundu ni nini, dada?"

"Kamera inaona joto la ngozi tu," muuguzi akajibu. "Wekundu si lazima uwe ugonjwa, na bluu haimaanishi uko salama. Kwa umri wenu, kipimo cha kutegemea ni eksirei ya matiti."

"Ile ya kuminya?"

"Hiyo hiyo. Na wote wawili, tafadhali."

Wakaenda kesho yake, hospitali kubwa. Mama Hamira alipiga ukelele kabla mashine haijamgusa, akaiomba radhi. Majibu yake yakawa safi kabisa.

Ya wifi ndiyo yaliyoonyesha kivimbe, kwenye titi moja kati ya yale yaliyokuwa bluu tupu. Daktari akaagiza atobolewe kwa sindano, wachukue sampuli. Siku tatu za kusubiri, Mama Hamira hakutania hata mteja mmoja. Mikate miwili iliungua. Kila jioni alikwenda kwa wifi yake, akamchambulia mboga na kumsimulia umbea wa mtaa, neno kivimbe lisitajwe.

Siku ya nne daktari akawaita, akafungua bahasha. "Ni kifuko cha maji tu. Hakina madhara. Ila mwakani urudi tukuangalie."

Wifi alibaki akiitazama bahasha, kama hakusikia. Mama Hamira akasikia kwa niaba yake. Aliruka, akapiga vigelegele, akamkumbatia mpaka miwani ya wifi ikapinda na wagonjwa wa nje wakachungulia mlangoni.

"Mama," daktari akasema huku naye akicheka, "mwache basi apumue."